Robo ya Nchi Kwenye Jeki

Mkiniitikia nasema, msiponiitikia nasema vilevile, maana nina siku nzima na sina pa kwenda. Kuna nchi moja. Jina lake silitaji, si kwa woga, ila mwaka jana walilibadilisha mara tatu na sijui sasa wamefikia lipi. Haiko karibu na hapa. Ukiona inafanana na nchi unayoijua wewe, basi macho yako ndiyo yana shida, kapime.

Nchi hiyo ina Rais, na Rais ana gari. Sasa shika hapo hapo kwenye gari.

Rais aliyetangulia alipanda ndege kwenda ng'ambo kung'olewa jino. Amekaa kwenye kile kiti cha kulaza, mdomo wazi, redio ya daktari inasema yeye mwenyewe ameshang'olewa nyumbani. Aliyemng'oa ndiye huyu wa sasa. Huyu wa sasa naye ana meno, tena mabovu, kwa hiyo alipoingia tu akakaa chini akaandika Kifungu cha Kumi na Nne. Kinasema hivi: ili mradi matairi manne ya gari la Rais yamegusa udongo wa nchi, Rais yupo madarakani. Hata akiwa amelala. Hata akiwa anaumwa. Hata akiwa ng'ambo kwa ajili ya meno.

Basi akisafiri, gari linaegeshwa pale kiwanja cha ndege, askari kumi na wawili wanalala kifudifudi wanachungulia chini. Yanagusa? Yanagusa. Haya, nchi ina Rais, watu rudini kazini.

Wanasheria ndio watu wa kuharibu starehe. Mmoja akauliza, na tairi moja likinyanyuka je? Wakajifungia wiki mbili, wakala mbuzi wanane, wakatoka na jibu. Matairi ni manne, kwa hiyo tairi moja likiacha udongo, robo ya urais inahamia kwa Makamu mpaka tairi lirudi chini. Mawili, nusu. Matatu, robo tatu. Manne ni mapinduzi, na hayo adhabu yake unasomewa ukiwa umeegemea ukuta.

Kwa hiyo gari lile halikuwahi kupigwa jeki. Miaka kumi na moja.

Pancha? Ilitokea moja, mwaka wa pili. Wakachimba shimo chini ya tairi ili walitoe bila kuinua gari, na Waziri wa Ardhi akapewa kazi ya kushikilia konzi ya udongo kwenye ringi, ili nchi isikatike katikati ya shughuli. Alishika dakika arobaini. Tatizo, kuanzia siku ile akaanza kutembea kifua mbele kama mtu aliyewahi kushika nchi mkononi. Akahamishiwa Wizara ya Bahari. Nchi haina bahari. Na sheria ikarekebishwa: udongo ulioshikwa na mtu hauhesabiki.

*

Gari lile lilikuwa na dereva. Aa, samahani, nimekosea, halikuwa na dereva. Ngoja nieleze vizuri nisije nikachukuliwa.

Rais wa nchi hiyo cheo chake kamili ni Mtukufu Dereva wa Taifa. Watoto wanamwimbia shuleni kila asubuhi: anakunja kona, anaona mbali, sisi nyuma tumelala. Sasa kwa kuwa Dereva ni yeye, mtu mwingine yeyote akijiita dereva anakuwa anataka urais. Wa malori wanaitwa Wasindikiza Mizigo. Wa mabasi wanaitwa Walinzi wa Usukani. Na yule anayekaa mbele kwenye gari la Rais, anayewasha, anayebadili gia, anayepiga breki mbuzi akikatiza, yule kitambulisho chake kimeandikwa Abiria wa Mbele Kulia.

Anaitwa Lukombe. Mtu mpole, mrefu, ana mke anaitwa Kabula. Miaka kumi na moja anaendesha, na miaka kumi na moja kisheria anaendeshwa. Rais yeye anakaa kiti cha nyuma, anaendesha kwa maono.

Siku moja, Jumatatu, Lukombe anavuka tuta la geti la Ikulu, akasikia ko.

Akasema moyoni, si yangu hiyo. Mchana, ko. Jioni, ko-ko, na usukani unavuta kushoto kama mtoto anayetaka kurudi dukani. Akashuka, akachungulia tairi la mbele kushoto: limelika upande wa ndani, nyuzi zinakaribia kuonekana, wakati nje linang'aa kama jipya. Lukombe mtu wa magari tangu ujana wake. Alijua. Kuna kifundo kimoja pale ndani, boljointi, kinachoshika tairi lisiachane na gari, kama nyonga inavyokushikia mguu. Kikilika, tairi linaanza kucheza. Kikichomoka, tairi linajilalia huku, gari linajiendea kule.

Na Jumamosi ile Rais alikuwa anakwenda kufungua daraja. Daraja lenyewe lilishafunguliwa mara nne, ila lina upepo mzuri. Lipo chini ya mteremko wa Kona Ishirini. Upande mmoja mwamba, upande wa pili hakuna kitu, ni hewa tu mpaka chini.

Lukombe akaenda kwa Mkuu wa Itifaki, Bwana Mtandika.

"Mkuu, gari linagonga mbele kushoto."

"Gari la nani?"

"La Mtukufu."

"Gari la Mtukufu haligongi. Linagongewa. Rekebisha kauli."

"Basi linagongewa, Mkuu. Kwa ndani. Hatutafika kona ya kumi."

Mtandika akavua miwani, akaivaa, akavua tena. "Lukombe, unamkumbuka aliyekuwa kiti chako kabla yako? Aliyesema breki zinakuja chini?"

"Mzee Pazi. Alipewa ubalozi."

"Wapi?"

Lukombe akafikiri. "Ile nchi sijawahi kuiona kwenye ramani."

"Haipo," Mtandika akasema, taratibu. "Na yeye bado anaitafuta. Sasa niambie tena, gari lina nini?"

*

Hata hivyo serikali ya nchi ile si ya mchezo, ilisikia. Jumanne ikaundwa Tume ya Kuchunguza Sauti, chini ya Profesa Daktari Mhandisi Kwembe, aliyesomea magari ng'ambo miaka tisa bila kuchafua shati.

Kwembe akaja na kipimo cha daktari, kile cha kusikilizia kifua. Akakiweka kwenye boneti. Akaomba ukimya, hata ndege wakafukuzwa. Akasikiliza nusu saa.

"Linapumua vizuri," akasema.

"Gari limezimwa, Profesa," Lukombe akasema.

"Ndio maana linapumua vizuri."

"Si ungelipiga jeki uone tairi kama linacheza? Mtu anashika juu na chini anatikisa. Dakika mbili."

Watu wote uwanjani wakageuka wakatazama ukuta. Kwembe akashusha sauti: "Wewe bwana, una watoto? Usitaje chombo hicho mbele ya Tume."

Jumatano Tume ikahoji gari. Lilisomewa maswali arobaini na mawili, na kwa kuwa halikujibu, ikaandikwa kwamba halina malalamiko. Alhamisi ripoti ikatoka, kurasa mia nne, ina picha ya Kwembe ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Ilisema sauti ipo, ila ni ya barabara. Barabara ikapewa onyo la maandishi. Wakalibandika kwenye tuta la geti, na gari lilipolivuka jioni ile, ko.

Safari hii Rais mwenyewe alikuwa ndani. Akafungua macho.

"Nini hiyo?"

Lukombe akamwangalia kwenye kioo. Akasema: "Ni barabara, Mtukufu. Imepewa onyo."

"Na haijajirekebisha?"

"Bado, Mtukufu."

"Itafutiwe fundi," akasema Rais, akafumba macho.

Mtandika alikuwa amekaa pembeni yake, akaandika haraka kwenye daftari: itafutiwe fundi. Fundi wa nini, hakuandika. Ndivyo Nyamizi alivyoingia Ikulu.

*

Nyamizi ni mdogo wake Kabula, yaani shemeji yake Lukombe. Ana gereji nyuma ya machinjio ya kuku, na ana mikono ambayo ukisalimiana nayo unahesabu vidole vyako baadaye. Ijumaa mchana akaja na jeki yake kwenye mfuko wa mkaa, na mtalimbo begani, kilemba cha kanga kichwani. Getini wakamzuia.

"Hicho ni nini?"

"Jeki."

Askari akaruka nyuma. Ikabidi Baraza la Mawaziri likae, tena pale pale uwanjani, chini ya turubai.

"Nipeni dakika tatu," Nyamizi akawaambia. "Tairi moja tu. Nikikuta liko zima naondoka zangu na jeki yangu."

"Dakika tatu za robo ya nchi!" akapiga kelele Waziri wa Ulinzi. "Unajua Makamu anaweza kufanya nini kwa dakika tatu?"

Wote wakamfikiria Makamu. Mzee Tumbili ana miaka themanini na moja, umakamu amekaa kumi na tisa, wa marais wawili, na muda mwingi amelala. Hilo ndilo lililowatisha. Mtu anayelala hivyo, wakasema, lazima ana mipango.

Mwisho wakakubaliana. Makamu afungiwe chumbani, asiwe na kalamu, asiwe na simu. Mkuu wa Majeshi ashike filimbi na saa. Bendera ishushwe robo. Bendi ipige robo ya wimbo wa taifa. Rais akakubali kwa kichwa, kutoka barazani, akiwa amekaa.

Nyamizi akatafuta mawe mawili kuzuia matairi ya nyuma.

"Mawe hayo yamepekuliwa?" akauliza ofisa mmoja.

"Ni mawe, kaka."

"Nauliza yamepekuliwa?"

"We yapekue, ukikuta kitu ndani niite."

Akalala chini. Akaweka jeki chini ya ule mkono wa chuma unaobeba tairi kwa chini, maana ukiinulia kwingine springi inasukuma, kifundo kinabana, na ugonjwa unajificha. Akaanza kuzungusha. Gari likaguna. Bendi ikapiga mstari mmoja ikakata. Na saa nane na dakika kumi mchana, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, tairi la mbele kushoto likaacha udongo wa nchi. Ukubwa wa kidole gumba.

Filimbi ikalia. Barazani Rais akashika bega lake la kushoto.

"Nimepungua," akasema.

Daktari akakimbia na mizani.

Chumbani nako wakamwamsha Makamu. "Mheshimiwa, wewe sasa ni robo Rais."

"Robo ipi?" akauliza mzee.

"Mbele kushoto, Mheshimiwa."

Akakaa kitandani. Akafikiri dakika nzima, watu wamemtolea macho, mmoja ameshika bastola. Halafu akaagiza mambo mawili. La kwanza, chai ya maziwa, maana Ikulu ilimpa ya rangi miaka kumi na tisa na alikuwa hana mamlaka ya kulalamika. La pili, wafungwa waachiwe. Gereza kuu likapigiwa simu, likapiga hesabu, na kila mfungwa akaruhusiwa kutoa mguu mmoja nje ya geti. Wanasema ile dakika moja ilikuwa nzuri kweli, miguu mia saba juani. Mzee akanywa chai, akasema "aah", akalala.

Uwanjani Nyamizi alishashika tairi kushoto na kulia, akalitikisa. Kimya. "Tairodi nzima, ule mkono wa usukani," akasema. Akashika juu na chini. Akavuta, akasukuma.

Ko.

Akachomeka mtalimbo chini ya tairi, akanyanyua kidogo. Tairi likapanda peke yake. Kile chuma kinacholibeba kikabaki pale pale, hakina habari.

"Profesa, njoo. Weka kidole hapa kwenye kifundo."

Kwembe akakunja shati kwa mara ya kwanza maishani, akaweka kidole. Nyamizi akanyanyua.

"Umesikia?"

"Nimesikia kitu," Kwembe akasema. "Ila sina uhakika kama ni cha kitaaluma."

"Imekwisha hii! Imebaki kushikwa na kutu na dua za watu. Leteni mpya, nibadilishe. Masaa mawili. Na ya kulia pia inatoka, hizi zinabadilishwa mbili mbili, ukifunga moja mpya na moja kuukuu unalipeleka gari upande."

Watu wakapiga hesabu. Matairi mawili. Nusu ya nchi. Masaa mawili! Mawaziri wakaanza kutazamana, na wawili watatu nikwambie ukweli wakaanza kutazama upande wa chumba cha Makamu kwa upendo.

Filimbi. Dakika tatu zimekwisha. Tairi likarudi chini, bendera ikapanda, miguu mia saba ikarudi ndani.

*

Rais akasimama barazani kuhutubia.

"Ndugu zangu. Fundi ametikisa tairi, na tairi limetikisika. Sasa kuna ajabu gani? Kitu chochote ukikitikisa kinatikisika. Hata mimi mkinitikisa..."

Mtandika akakohoa.

"...hamtathubutu. Adui amejaribu mlango, amejaribu dirisha, sasa anapitia boljointi. Hatapita! Kesho tunakwenda darajani kama ilivyopangwa, na gari hili hili, na vifundo vyake hivi hivi ambavyo vimelitumikia taifa kwa uaminifu!"

Makofi. Kwembe alipiga mpaka kile kidole kikamuuma. Nyamizi akasainishwa karatasi kwamba alitikisa kwa nguvu kupita kiasi, akatolewa nje na mfuko wake.

Getini akamkuta Lukombe.

"Shemeji, kesho usiingie humo ndani."

"Nisipoingia nakuwa balozi."

"Ukiingia unakuwa marehemu! Unataka mimi nimwambie nini dada? Kwamba niliigusa hii kitu kwa mikono yangu nikajua, nikaenda zangu kula?"

Lukombe alikuwa anatazama kule milimani, zile kona zinaonekana kutoka mjini, kama kamba mtu kaitupa.

Akaenda nyumbani jua bado lipo. Kabula alishasimuliwa yote na mdogo wake, nchi ile hakuna mtandao lakini kuna madada. Hakulia. Alikuwa anapiga pasi shati la kesho kwa hasira, anagonga kama anatwanga.

"Kona ya ngapi?" akauliza.

"Sijui. Ya tano. Ya sita ikizidi."

"Na wewe utakaa tu hapo."

"Nitafanyaje, mke wangu? Ndiyo kazi yangu."

Pasi ikagonga kitu mfukoni mwa shati. Kabula akakitoa. Kilikuwa kitambulisho, kimefifia. Akakisogeza dirishani, akakisoma, akakisoma tena. Pasi ikaanza kuunguza meza na hakuna aliyejali.

"Baba Yunge," akasema, "hii kitu wewe uliwahi kuisoma?"

*

Jumamosi uwanja wa Ikulu ulijaa. Watoto wa shule na vibendera, mabalozi wa nchi zilizopo, bendi nzima safari hii na wimbo mzima. Nyamizi naye yumo, kasimama nyuma ya wapiga ngoma, mfuko wa mkaa begani. Rais akaingia kiti cha nyuma, Mtandika pembeni yake. Lukombe akaingia mbele kulia, shati limenyooka vibaya mno. Akafunga mkanda. Akaweka mikono mapajani.

Bendi ikamaliza wimbo. Wakaanza tena. Wakamaliza tena.

"Mbona hatuendi?" Rais akauliza.

"Sijui, Mtukufu," Lukombe akasema. "Nilidhani unasubiri mtu."

"Endesha!" Mtandika akafoka.

Lukombe akatoa kitambulisho, akakipitisha nyuma kwa mikono miwili, kwa adabu zote. "Mkuu, mimi ni abiria. Imeandikwa hapo, na muhuri wa Ikulu. Nikiwasha hili gari nitakuwa nimejifanya dereva, na dereva wa nchi hii ni mmoja. Mimi siwezi kupindua serikali, Mkuu. Nina familia."

Dirisha lilikuwa wazi, na mwalimu mmoja mpumbavu, au pengine si mpumbavu, alisikia neno dereva akadhani ndiyo ishara. Akainua mkono. Watoto mia tatu wakaanza: anakunja kona, anaona mbali!

Rais akatazama nje. Watoto. Mabalozi. Kamera. Akatazama usukani. Unajua zile sura za mtu aliyejisifu anajua kuogelea halafu mkafika mtoni? Hiyo.

Lukombe alishashuka, ameshika mlango. "Karibu kiti chako, Mtukufu. Nimekikalia miaka kumi na moja, nimekutunzia."

Rais akahamia mbele. Makofi mpaka njiwa wakahama mji. Akainama kidogo kwenye dirisha.

"Hiki cha katikati," akanong'ona, "ni cha nini?"

"Breki, Mtukufu."

"Na hiki?"

"Mafuta. Hicho taratibu."

"Na kile cha kule?"

"Klachi. Kile usigombane nacho."

Gari likaruka kama mbuzi, likazima. Likawashwa. Likaruka, likaenda. Likazunguka bustani ya maua kwa mwendo wa bibi harusi, watoto wanaimba, sisi nyuma tumelala, Mtandika kule nyuma hajalala kabisa, kashika kiti kwa meno. Likafika tuta la geti, lile lenye onyo. Likapanda.

Ko.

Likashuka. Na likashuka kweli. Tairi la mbele kushoto likajilalia chali kama mtu kachoka kusimama, boneti ikainama, bampa ikabusu udongo. Mwendo ulikuwa wa kuku, hakuna aliyeumia. Kofia ya Rais tu ilimshuka mpaka mdomoni.

Wale wa darajani walipiga simu kuuliza mko kona ya ngapi.

Nyamizi akajitokeza mbele, mfuko umefunguka. "Niinue?"

"Usiguse!" Ikawa sauti ya Mwanasheria Mkuu, anakimbia na futi kamba. Akalala chini na suti yake. Akapima. Akapima tena. Akainuka na vumbi usoni, anang'aa.

"Mtukufu! Zamani tairi hili liligusa udongo wa nchi kwa upana wa kiganja. Sasa limelala, linagusa ubavu mzima! Na bampa juu yake! Kisheria hujapungua. Umeongezeka. Wewe sasa ni Rais robo tano!"

Makofi mengine. Rais akaivua kofia mdomoni, akauliza kwa utulivu wa mtu aliyepanga: "Na likitengenezwa?"

"Utarudi kuwa mmoja tu, Mtukufu."

Ndiyo hivyo. Gari lipo pale pale getini mpaka leo, limepiga goti, limejengewa paa. Anayeingia Ikulu anapitia dirishani mwa gari, maana limeziba geti. Daraja lilifunguliwa kwa king'ora, kikielekezwa upande wa mteremko. Kwembe anaandika ripoti ya goti. Rais, kwa kuwa sasa hakuna wa kumnyanyulia kitu, alipanda ndege kwenda kwenye meno, huu mwezi wa saba. Mawaziri kila asubuhi wanachungulia chini ya gari, wanaona amezidi kuwepo.

Lukombe hajafukuzwa. Utamfukuzaje abiria ambaye safari haijaisha? Anafika saa mbili asubuhi, anakaa mbele kulia kwenye kile kiti kilichoinama, anasoma gazeti, saa tisa na nusu anashuka. Ameanza kutembea ameegemea kushoto kidogo, ila anatembea.

Jioni anarudi kwa baiskeli, na lazima apite nyuma ya machinjio ya kuku. Nyamizi hamwachi apite hivihivi.

"Simama hapo, shemeji."

"Ah, we naye. Jana si uliangalia?"

"Jana ilikuwa jana. Dada kasema kila siku."

Anaishika baiskeli kwenye uma, analiinua gurudumu la mbele kwa mkono mmoja, analitikisa, kushoto kulia, juu chini, kasogeza sikio. Gurudumu liko hewani kabisa. Kule mjini bendera haishuki, filimbi hailii, hakuna mtu anayeamshwa kuambiwa amekuwa nani.

"Imekaza," anasema. "Nenda, ugali unapoa."